SIT Zanzibar au SFS Rhotia?

Mbeba_begi: Wakuu nasoma baiolojia Marekani, nataka semista moja ya fildi huko nyumbani, nichague programu ya SIT (School for International Training) Zanzibar au ya SFS (School for Field Studies) pale Rhotia, Karatu?

Mwanapwani: Zenji ni mikoko na matumbawe, halafu wiki za mwisho unafanya utafiti wako mwenyewe, mimi niliwafuata akina mama wa mwani, maji yakitoka tu alfajiri tushafika, kamba begani, ikolojia na bei ya mwani vyote unajifunza umeinama hivyohivyo

Kijana wa Karatu: Rhotia ni wanyamapori na majirani zao. Tembo akila mahindi unamhoji mkulima, siyo tembo 😂 Kiswahili chako kitakubeba

Mbeba_begi: Na krediti, zile pointi za kozi, chuo changu kitazikubali?

Mwanapwani: Advaiza, yule mshauri wako wa masomo chuoni, azikubali kwa maandishi kabla hujalipa, mie nilipoteza moja hivihivi