Bibi wa miaka 84 kavunjika nyonga, wakubwa wa ukoo hawataki apasuliwe

Mjukuu_Lushoto
Shikamooni wakubwa zangu. Juzi alfajiri bibi aliamka kwenda chooni, kanga ikamnasa mguuni, akaangukia ubavu wa kulia pale kwenye kizingiti. Mguu umekuwa mfupi kuliko mwenzake na unyayo umelala kwa nje. Tumemshusha hospitali kubwa, eksirei inaonyesha shingo ya fupa la paja imekatika na vipande vimeachana. Daktari anataka kumwekea nyonga ya bandia. Baba mkubwa kagoma, anasema mzee wa umri huu akipasuliwa harudi, bora tumpeleke kwa fundi wa kuunga mifupa kijijini. Bibi ana presha, anameza dawa kila siku. Mimi ndiye ninayelala naye wodini. Akigeuzwa tu kubadilishwa shuka analia kama mtoto. Kesho wanataka jibu.

Nesi_Mstaafu
Marahaba mwanangu, poleni sana. Nimekaa wodi ya mifupa miaka 27. Wazee wengi niliowaona wakiondoka waliondolewa na kitanda: anapumua juujuu kwa maumivu, makohozi yanatuama, homa ya mapafu inaingia. Au damu inaganda mguuni na kupanda hadi mapafuni.

Mishipa inayolisha kichwa cha fupa la paja inapitia hapo kwenye shingo. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, kichwa kinakosa damu, na hakuna kigango cha fundi kitakachoirudisha. Ndiyo maana wanakitoa na kuweka cha chuma. Angevunjika chini ya shingo, ambako damu inafika vizuri, wangeunga kwa skrubu na chuma tu.

Siwafichi, hatari ipo: kidonda kutunga usaha, nyonga kuchomoka, na wapo wanaopasuliwa vizuri lakini hawamalizi mwaka. Umri peke yake haumzuii. Presha inatulizwa, na mara nyingi anachomwa ganzi ya mgongoni bila kulazwa usingizi kabisa. Msichelewe. Uingereza mwongozo wao ni apasuliwe siku aliyopokelewa au inayofuata, na kesho yake asimamishwe. Mwambieni daktari dawa zote anazomeza, hasa kama kuna ya kuzuia damu kuganda. Ulizeni damu chupa ngapi inatakiwa, na aongezewe dawa ya maumivu leo hii, asisubiri kikao cha ukoo.

Halafu bibi mwenyewe mmemuuliza? Kama akili yake ni timamu, jibu la kwanza ni lake.

Baba_Zuhura
Mama yangu tulimrudisha nyumbani mwaka 2016. Kidonda cha makalioni nilikiosha mwenyewe kwa maji ya chumvi, asubuhi na jioni, hadi nikaona mfupa. Alikaa wiki saba, akafariki. Mdogo wangu, mwite baba mkubwa wodini saa ya kubadilisha shuka. Ashike upande mmoja.

Mjukuu_Lushoto
Nimerudi. Baba mkubwa alikuja, akashika shuka upande wa miguu. Bibi alipiga ukelele mmoja, baba mkubwa akatoka nje, akakaa kwenye benchi muda mrefu. Aliporudi akamuuliza, "Mama, unasemaje?" Bibi akajibu, "Nataka kukaa uani niote jua. Wanipasue." Hati ya ridhaa akaiwekea dole gumba mwenyewe. Tumechangia damu ndugu watatu.

Leo ni siku ya pili tangu atoke tieta. Mtu wa mazoezi kamsimamisha na fremu, kapiga hatua nne hadi dirishani, jasho linamtiririka, mkono mmoja kanishika begani. Swali langu sasa: choo chetu ni cha kuchuchumaa.

Nesi_Mstaafu
Alhamdulillahi. Asichuchumae kabisa, nyonga inaweza kuchomoka. Fundi ajenge kiti cha kukalia, kirefu kiasi kwamba magoti yake yasipande juu ya nyonga, na nguzo ya kushikia pembeni. Akimaliza hapo, akivunje na kile kizingiti.