Gitaa kavu dogo (parla) kwa omutibo: linafaa ama nibaki na drednoti?

Gumba_na_Shahada (Kisumu):
Wadau, natafuta gitaa la kupigia omutibo (ule mtindo wa gitaa wa Magharibi mwa Kenya unaopigwa kwa gumba na shahada) bila spika. Drednoti, lile gitaa kavu kubwa, besi yake inameza nyuzi nyembamba. Kuna parla ya mtumba hapa mjini, shingo inaungana na mwili kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) ya 12, lakini nyuzi ziko juu sana. Nikague nini kabla ya kulipa? Na nyuzi nifunge za saizi gani?

FundiNyuzi (Nakuru):
Kwa mtindo wa akina George Mukabi, parla ndiyo yenyewe. Drednoti lina upana wa karibu sm 40 chini ya kiuno, parla ni 33 hivi au pungufu. Mbao ndogo ya juu inaamka hata ukigusa nyuzi kidogo, na kwa vile besi haivumi sana, gumba na shahada zinasikika kila moja kivyake. Hata anayegonga chupa ya Fanta kushika mdundo hazamishwi. Ila ukicharaza kwa nguvu, sauti inafika mwisho haraka na kuanza kukwaruza. Kwa kuongozea kwaya kubwa, sahau.

Ukaguzi: beba rula. Freti ya 12, pima kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi. Mm 2.4 kwa uzi mnene na 1.8 kwa mwembamba ni sawa. Zikizidi, tafuta sababu kwanza. Bana uzi mnene freti ya 1 na ya 12 kwa pamoja, uangalie pengo kwenye ya 6. Likizidi unene wa kadi ya biashara, shingo imepinda, na kama ina chuma cha kurekebisha, robo mzunguko inaweza kutosha. Shingo ikiwa imenyooka, mfupa wa darajani (kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi) umeshapunguzwa hadi karibu uishe, na bado nyuzi ziko juu? Kiungo cha shingo kimehama. Kazi hiyo inaweza kukula pesa kuliko gitaa lenyewe, achana nalo.

Pitisha karatasi nyuma ya daraja pia. Ikiingia, gundi inaachia.

Besi_Tulivu (Kakamega):
Nyuzi anza na seti ya 11 (uzi mwembamba kabisa una inchi 0.011). Parla yenye urefu wa uzi wa sm 61 hukaza pungufu kwa kama asilimia 10 kuliko drednoti la 64.5, kwa hiyo 11 zitalegea vizuri kwa shahada. Kama ni kuukuu na halina chuma shingoni, usivuke hapo.

Tena, hakikisha si la nailoni! Parla nyingi zina kichwa chenye nafasi mbili ndefu kama cha gitaa la nailoni, watu wanachanganya. Angalia daraja: la nyuzi za chuma kwa kawaida lina pini sita, la nailoni nyuzi zinafungwa fundo. Ukilazimisha chuma kwenye la nailoni, daraja linang'oka.

Gumba_na_Shahada:
Asanteni. Pini sita zipo, shingo imenyooka, mfupa bado mrefu. Uzi mnene uko mm 3.2 freti ya 12. Nisage kiasi gani?

FundiNyuzi:
Ukiondoa mm 1 kwenye mfupa, freti ya 12 inashuka nusu mm. Wewe unahitaji kushuka 0.8, kwa hiyo ni 1.6. Saga upande wa chini, juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo. Lakini kwa unyevu wa Kisumu, mbao hufura wakati wa mvua na nyuzi hupanda zenyewe. Toa 1 sasa, mengine ungoje kiangazi, la sivyo Januari zitagonga freti.

Gumba_na_Shahada:
Sawa mkuu, 1 kwanza.