Hedifoni za nyumbani kwa milioni moja na nusu: nigawe vipi?

mkaazi_ntinda
Wadau, habari zenu. Nataka nijipangie sehemu ya kusikilizia muziki nyumbani, nyumba iko karibu na barabara. Bajeti ni shilingi 1,500,000 za Uganda. Nina laptopu na simu ya Android isiyo na tundu la jeki. Nasikiliza rumba ya Kongo, kadongo kamu (muziki wetu wa gitaa) na jazi kidogo. Niweke nusu kwenye hedifoni na nusu kwenye DAC (kifaa cha kugeuza sauti ya kidijitali iwe umeme wa kwenda kwenye hedifoni) na amplifaya? Na pesa hufika wapi ikaacha kuleta tofauti?

fundi_waya
Nusu kwa nusu hapana. Hedifoni ndiyo inayobadilisha sauti. DAC nzuri ya bei ndogo na ya bei kubwa, zikisawazishwa sauti, ni wachache mno watakaozitofautisha. Hedifoni ichukue robo tatu ya pesa.

Kabla ya chapa, amua aina. Za mgongo wazi zina sauti pana, lakini bodaboda zote za barabarani zitaingia humo humo, na mvua ikipiga mabati utapandisha sauti hadi uumie. Kwa hapo ulipo chukua zilizofungwa. Beyerdynamic DT 770 Pro na Audio-Technica ATH-M50x zinatosha kabisa. Mimi ningechukua DT 770, kwa sababu sponji zake ni za kitambaa laini. Zile za ngozi bandia hushika jasho kwa joto letu, kisha zinaanza kubanduka vipande.

mkaazi_ntinda
Asante, ssebo. DT 770 naona kuna ya omu 80 na ya 250 (ukinzani wa umeme). Ipi?

fundi_waya
Piga hesabu. Ya 250 hutoa desibeli 96 kwa miliwati 1. Simu yako haina jeki, kwa hiyo utatumia adapta, na DAC imo ndani yake. Ya Apple ya USB-C kwenda jeki ina matoleo mawili: la Marekani hutoa volti 1, la Ulaya karibu nusu volti. Nusu volti kwenye omu 250 ni miliwati 1 tu, yaani kilele cha desibeli 96. Muziki wenye tofauti kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa, kama jazi, wastani wake unaweza kukaa desibeli 15 au zaidi chini ya kilele, kwa hiyo utasikia lakini huna akiba. Nusu volti hiyo hiyo kwenye omu 80 ni miliwati 3 na kidogo, kama desibeli 101. Chukua ya 80, na amplifaya uisahau.

Angalizo: adapta hiyo kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti ndogo kuliko uwezo wake. Ijaribu kwanza kwenye laptopu kabla hujasema ni mbovu.

nnalongo_sauti
Naongeza mambo ya umeme, maana hapo ndipo watu hununua amplifaya kutibu ugonjwa usio wake. Ukisikia mvumo au mlio mwembamba laptopu ikiwa kwenye chaja, chomoa chaja. Ukikoma, hedifoni ni nzima. Shida ni ethi (waya wa kwenda ardhini). Soketi nyingi za nyumba za kupanga zina tundu la tatu lisilofungwa waya wowote nyuma yake. Mwite fundi apime, au sikiliza kwa betri. Ukija kununua kifaa cha mezani, kipitishe kwenye kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme ukirudi.

Na usiagize kwa kuangalia bei ya mtandaoni peke yake. Ushuru wa forodha hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT 18% inakuja juu yake. Ukinunua mjini, angalia feki: M50x halisi ina waya tatu kwenye boksi, na waya huingia kwenye kikombe kwa kuzungusha hadi ujifunge.

mkaazi_ntinda
Kwa hiyo zitabaki pesa?

fundi_waya
Zitabaki. Nunua sponji za akiba mapema. Zikilala bapa, sikio husogelea spika, upenyo hutokea pembeni na besi inakimbia; watu hudhani hedifoni imekufa. Fremu nene ya miwani huleta kasoro hiyo hiyo. Za DT 770 hutoka kwa mkono: fua kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, anika kivulini zikauke kabisa.

Ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha besi na sauti za juu) ni bure: Equalizer APO kwenye Windows, Wavelet kwenye Android. DT 770 ina ukali kwenye sauti za juu, karibu kilohezi 8. Shusha desibeli 4 hapo na matoazi yataacha kuchoma. Ukipandisha besi, shusha sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho, la sivyo muziki utakwaruza.

nnalongo_sauti
Na kiwango cha WHO ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kelele ya barabara ikizidi, funga dirisha kabla hujagusa sauti.