Watoto wenye hofu kali shuleni: tufanyeje bila rufaa za mbali?

MwalimuNyalenda: Hamjambo wakuu. Shuleni kwetu Kisumu kuna watoto wanne wa miaka 8 hadi 12 ambao tumbo huwauma kila Jumatatu asubuhi. Shule zikifungwa wanapona. Zahanati imepima malaria na choo, hakuna kitu. Mmoja nyumbani anaongea vizuri, darasani hafungui mdomo. Tukiandika rufaa mzazi huenda mara moja tu, kisha nauli na kibarua cha siku vinamshinda. Tumewafundisha kuvuta pumzi polepole, wapi! Kuna la kufanya hapa hapa?

Saikolojia_Nakuru: Mwalimu, kuvuta pumzi kunatuliza tu. Kinachotibu ni mtoto kukabili kile anachoogopa, kidogo kidogo, mara nyingi. Huyo bubu wa darasani mchoreeni ngazi ya mambo anayoogopa, naye akipe kila kidato cha ngazi hiyo alama za hofu, 0 hadi 10. Kwa mfano: kumnong'onezea rafiki jibu uwanjani (3), kumsomea mwalimu sentensi moja ofisini (5), kujibu neno moja darasani akiwa ameketi (7), kusimama na kusoma aya (9). Anzeni na cha chini, kila siku, mpaka kimchoshe, ndipo mpande.

Kabla ya kila zoezi muulizeni, "Unadhani kutatokea nini?" Baadaye: "Je, kimetokea?" Msiruke maswali hayo.

Mambo huharibika hivi: mtu mzima ana haraka, anamsukuma kutoka 3 hadi 9. Au mtoto analia, anaondolewa hofu ikiwa kileleni, na anachojifunza ni kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Kumrudisha nyumbani kila tumbo linapouma ni kosa hilo hilo.

TabibuKakamega: Kabla ya ngazi, hakikisheni hofu haina sababu ya kweli. Viboko vimepigwa marufuku shuleni Kenya tangu 2001, lakini sote tunajua hali. Kuna pia wakubwa wanaonyang'anya wadogo chakula, na karo isiyolipwa. Kumzoesha mtoto mahali anapopigwa ni ukatili.

Rufaa iwe ya haraka kwa anayetaja kufa au kujiumiza, anayezimia au kupata kifafa, anayekonda, au aliyekosa shule wiki kadhaa. Kwa hofu ya aina hii diazepamu (dawa ya kutuliza) isitolewe: inazoewa, na inamnyima mtoto nafasi ya kujifunza kwamba hofu hupungua yenyewe. Dawa yenye ushahidi ni jamii ya sertralini. Kwa mtoto mdogo daktari huanza na miligramu 25, dawa huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na mwanzoni mtoto huangaliwa kwa karibu asije akawa na mawazo ya kujidhuru. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2008, wenye watoto 488, waliopata nafuu kubwa walikuwa takriban 81% kwa dawa pamoja na tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kukabili hofu, 60% kwa tiba hiyo peke yake, 55% kwa dawa peke yake, na 24% kwa kidonge bandia (kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia). Kwa hiyo kukosa dawa si kukosa tiba.

MwalimuNyalenda: Asante daktari. Na mzazi anayelala na mtoto kila usiku na kumjibia kila swali?

Saikolojia_Nakuru: Hapo ndipo nauli inapookolewa. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walijaribu na watoto 124: kuwafundisha wazazi peke yao kulifanya kazi sawa na kumtibu mtoto mwenyewe. Wakusanyeni wazazi watano au sita shuleni, siku isiyo ya soko, mara moja kwa wiki. Kila mmoja aorodheshe anachomfanyia mtoto kwa sababu ya hofu, achague kimoja tu, amwambie mtoto mapema: "Najua unaogopa, na najua utaweza. Kuanzia Jumatatu sitakujibia." Asigombe, asibembeleze. Wiki ya kwanza kilio huongezeka, na wengi huacha hapo. Mpigieni simu katikati ya wiki, dakika 15 zatosha.

Tafuteni mwanasaikolojia mmoja wa hospitali ya kaunti awasikilize kwa simu kila wiki, maana mwalimu asiye na msimamizi hurudi kwenye nasaha na maombi. Pimeni kwa daftari: siku alizohudhuria, mara alizojibu darasani. Ikipita miezi miwili daftari halijabadilika, hapo rufaa.