Watengeneza tovuti wenzangu, acheni kufukuza watu kwa sababu ya kivinjari!

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, kwa hiyo lawama hizi nazipeleka kwa wenzangu wa fani hii hii, maana ndio wanaoweza kurekebisha kosa hili.

Juzi niliingia kwenye tovuti fulani kulipa bili. Natumia kivinjari cha Firefox. Kabla hata fomu haijaonekana, ukurasa mzima ukafunikwa na onyo: kivinjari chako hakikubaliki, pakua Chrome. Hakuna sababu iliyotolewa, hakuna kitufe cha kuendelea. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha ule utambulisho ambao kivinjari hutuma kwa seva ili kijitaje kuwa ni Chrome. Firefox ile ile, toleo lile lile. Ukurasa ukafunguka, nikajaza fomu, malipo yakapita, risiti ikatoka. Hakuna hata kitufe kimoja kilichogoma!

Sasa kizuizi kile kilikuwa kinalinda nini? Mtu alikaa akaandika mstari wa kusoma jina la kivinjari na kumfungia mlango kila asiyetumia kile anachotumia yeye. Mimi nilijua pa kugusa. Mtu mzima aliyeshika simu ya mwanawe, au mfanyakazi ambaye kompyuta ya ofisini haimruhusu kusakinisha chochote, yeye afanyeje? Ataamini simu yake ni mbovu au yeye mwenyewe hajui, wakati kosa lote ni la aliyetengeneza.

Na fani yetu imeshapitia aibu hii. Katika miaka ya 1990 tovuti zilikuwa zinatafuta jina Mozilla, ambalo kivinjari cha Netscape kilijitambulisha nalo, ndipo zitoe ukurasa kamili. Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ikaanza kujitambulisha kwa jina hilo ili isibaguliwe. Waliofuata wakaiga. Hadi leo utambulisho wa Chrome unaanza na Mozilla/5.0, kisha unataja AppleWebKit, KHTML, Gecko na Safari, yote majina yaliyotoka kwa vivinjari vingine. Vivinjari vimelazimika kudanganya majina kwa karibu miaka 30 kwa sababu yetu, na bado kuna mtu leo anaandika msimbo wa kuamini jina hilo.

Halafu ikaja Internet Explorer 6 mwaka 2001. Ilipotawala soko, Microsoft ikakaa hadi 2006 ndipo ikatoa toleo la 7. Mifumo ya ofisi ilijengwa kwa ajili yake tu, na watu wakabaki wamefungwa nayo muda mrefu baada ya kuchakaa. Waliofanya kazi enzi hizo wanakumbuka usiku waliopoteza kurekebisha kurasa kwa ajili ya kivinjari kimoja. Leo tunarudi kule kule. Kivinjari cha Opera kiliacha injini yake ya Presto, yaani sehemu inayosoma msimbo na kuchora ukurasa, mwaka 2013; Edge ya Microsoft ikahamia Chromium, msingi ule ule wa Chrome, mwaka 2020. Injini kubwa zilizobaki ni tatu: Blink ya Chrome, WebKit ya Safari na Gecko ya Firefox. Kila tovuti inayoandika "tumia Chrome" inasaidia kuzika nyingine, na ikibaki moja, mwenye nayo ndiye atakayeamua intaneti ifanye nini na isifanye nini.

Jingine linaloniudhi zaidi: anayemwambia mtu wa iPhone apakue Chrome mara nyingi hajui anachosema. Kwa miaka yote Chrome ya iPhone imeendeshwa na WebKit, injini ile ile ya Safari, kwa sababu Apple haikuruhusu nyingine. Mlango ulifunguliwa mwaka 2024, tena kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Kwa hiyo unamsumbua mtu apakue programu nzima ili aone ukurasa uliochorwa na injini aliyokuwa nayo tayari.

Wabunifu nanyi msijifiche. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya weupe yanapendeza kwenye skrini yako kubwa ndani ya chumba chenye kivuli. Mtu aliyesimama juani na simu haoni kitu. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka uwiano wa mwangaza wa 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma, na kuupima ni kazi ya sekunde chache. Na anayezuia watu kukuza ukurasa kwa vidole viwili, kisa mpangilio wake utavurugika, huyo simwelewi kabisa. Macho ya mtu yana thamani kuliko mpangilio wako.

Njia sahihi ipo na ni ya zamani. Kiulize kivinjari kama kinaweza jambo unalolihitaji, usikiulize jina. CSS, lugha ya kupanga mwonekano, ina amri ya @supports kwa kazi hiyo, na JavaScript, lugha ya kuupa ukurasa vitendo, inakuruhusu kuangalia kama kitu kipo kabla ya kukitumia. Kikikosekana, mpe mtu fomu ya kawaida. Fomu ya HTML, lugha ya msingi ya kurasa, inatuma data kutoka kivinjari chochote.

Kwa hiyo naomba majibu kutoka kwa mliowahi kuweka kizuizi hiki. Tajeni kipengele gani hasa kilikosekana kwenye Firefox au Safari, na mlikijaribu lini mara ya mwisho. Kama ni agizo la bosi, semeni alitoa sababu gani. Kama hamkujaribu kabisa, kiondoeni leo.