Mchoro wa ndege ya kivita F-5 ni wa 1/72 lakini kioo cha rubani hakikai. Nimekosea wapi?

Bw_Msasa:
Wadau hamjambo. Nachonga F-5E, zile za Nanyuki ambazo hupita juu ya uwanja siku za sherehe za kitaifa watoto wakiziba masikio. Mbao ni jakaranda, skeli 1/72, yaani milimita moja kwa modeli ni milimita 72 kwa ndege yenyewe. Nilipata mchoro safi wa pande tatu (juu, ubavu, mbele), nikauprinti saiba moja hapa tao, nikabandika kwenye ubao nikaanza kukata. Jioni za wiki tatu hizo, nikitoka kazini.

Juzi nikachomoa kioo cha rubani kwenye modeli ya zamani ya plastiki, F-5 hiyo hiyo ya 1/72 iliyovunjika mabawa. Nikakiweka juu ya bodi niliyochonga, yaani kiwiliwili cha ndege. Kinapwaya pande zote, kama mtoto amevaa kofia ya babake. Na naapa mstari niliufuata. Mchoro ni mbovu ama ni mkono wangu?

Kevo_Pipeline:
Si ununue tu modeli mpya ya plastiki, mazee.

Bw_Msasa:
Nikitaka kununua nisingekuwa na vumbi la msasa hadi kwa chai.

FundiTupa:
Chukua rula kabla hujalaumu mtu. F-5E yenyewe ina urefu wa mita 14.45, na mabawa mita 8.13 bila makombora ya nchani. Ukigawa kwa 72 unapata milimita 200.7 na 112.9. Karatasi yako inasemaje? Na hakikisha hupimi na makombora, maana hayo yanafikisha mabawa mita 8.53 na yatakuchanganya.

Bw_Msasa:
194 na 109, makombora nimeyaacha nje. Aisee.

FundiTupa:
Haya, rudisha hesabu nyuma. Milimita 14450 gawa kwa 194 ni 74.5. 8130 gawa kwa 109 ni 74.6. Karatasi imenywea karibu sawa urefu na upana, kwa hivyo mchoro hauna neno na mkono wako hauna neno. Ni printa. Nyingi zimewekwa zibane ukurasa ili kingo zisikatwe, na kijana wa saiba hana habari kama unaprinti ndege ama barua ya kuomba kazi. Mwambie aweke asilimia 100.

Mimi sitoki kwa kaunta kabla sijapima ule mstari wa kipimo ulio chini ya mchoro. Kama hakuna, ongeza wako: milimita 100 kwenda juu, milimita 100 kwenda kando. Ile miwili ikitofautiana, karatasi imevutwa upande mmoja, na hiyo usiibandike kwa mbao.

MamaBawa:
Mimi kilichonishtua ni hizo pande tatu. Mikato iko wapi?

F-5 ina kiuno. Bodi inabanwa pale mabawa yanaposhikia, ili upinzani wa hewa upungue ndege ikikaribia mwendo wa sauti. Mchoro wa juu utakuonyesha kiuno kipo, lakini hautakwambia bodi ni duara ama imelala bapa hapo. Ya kwanza niliichonga kwa kufuata juu na ubavu peke yake, ikatoka kipande cha sabuni chenye mabawa.

Tafuta mchoro wenye mikato, yaani bodi imekatwa kama mkate, kila kipande na namba yake, na namba hiyo iko pia kwenye mchoro wa ubavu. Hamishia kila mkato kwenye manila, nusu tu, ukate upande wa ndani. Halafu weka taa nyuma ya modeli na uegemeze manila kwenye bodi. Inapogusa, pako juu, piga msasa. Mwanga unapopenya, acha kabisa. Upande wa pili geuza manila hiyo hiyo, ndipo kushoto na kulia vitalingana.

Na ukifika kwa mistari ya mabati, ile ya maungio ya vipande vya ngozi ya ndege, usichimbe. Mfereji wa nusu milimita kwa 1/72 ni ufa wa sentimita 3.6 kwenye ndege. Rubani angeona barabara.

Jirani_wa_Moi_Air_Base:
Angalia pua pia. Kuna F-5E za pua ya mchongoko na kuna za pua bapa kama ya papa, na mchoro mmoja hauonyeshi zote. Chagua ndege moja kwa namba ya mkiani, tafuta picha zake, ndipo uamini mchoro. Ila picha ziwe za siku ya sherehe. Usije huku kwetu kusimama na simu karibu na ua wa kambi, utaeleza mambo ya skeli kwa watu wasiocheka.

Bw_Msasa:
Sasa bodi niitupe? Kiuno kwa kweli sina, lakini mbao bado ni nene hapo, naweza kukitoa.

FundiTupa:
Utupe ya nini? Una F-5 nzuri ya 1/74.5. Mikato uiprinti kwa asilimia 96.6 ifuate bodi yako. Kioo tu ndicho utengeneze. Chonga umbo lake kwa mbao, liwe dogo kidogo kwa ajili ya unene wa plastiki, lilainishe mpaka liteleze. Litie ndani ya chupa ya soda iliyokatwa kitako, ushindilie na kabari ya mbao lisicheze, uzungushe juu ya jiko bila kugusa moto. Plastiki itanywea na kukumbatia mbao. Ya kwanza itaharibika, kula soda nyingine.

Bw_Msasa:
Chupa ya lita ama nusu?

FundiTupa:
Nusu. Na ufungue dirisha.