Kikundi: UJENZI WA KANISA (majirani wote)

Katibu: Bwana asifiwe. Wanafunzi 22 wamefika salama. Kesho saa 1 asubuhi tukutane uwanjani. Mwenye toroli, koleo au ndoo aje nayo.

Mama Kwaya: Amina. Wameshaona hali yenyewe? Dhoruba imetuachia ukuta wa madhabahuni tu.

Kiongozi wa wanafunzi: Shikamooni wazazi. Tumeona, poleni sana. Tuna siku 10, tungependa kuanza kupandisha ukuta kesho hiyohiyo.

Fundi: Marahaba mwanangu. Kesho hakuna kushika mwiko. Kesho ni kugonga saruji kavu kwenye matofali yaliyoanguka, mazima yapangwe kando. Na mje na viatu vya soli ngumu, misumari ya bati imezagaa kila mahali.

Nesi: Atakayechomwa asijifiche. Aje tumuulize chanjo ya pepopunda alichoma lini.

Kijana wa Katibu: Wamesafiri kote huko waje kugonga matofali 😂

Fundi: Wewe uje uwaonyeshe basi.

Baba Mdogo: Fundi, nasikia unataka kumwaga zege juu ya kuta. Wazee wetu walijenga bila hayo na tulisali miaka yote.

Fundi: Kaka, tulisali mpaka upepo ulipokuja. Paa lile halikusukumwa, lilinyanyuliwa. Upepo mkali ukipita juu ya bati unalivuta kwenda juu, na ule ulioingia mlangoni unalisukuma kutoka chini. Kenchi zilishikwa na misumari tu kwenye mbao, mbao yenyewe imelala juu ya tofali bila kufungwa. Paa likaondoka, kuta zikabaki hazina cha kuzishika kichwani, zikalala. Safari hii mkanda wa zege unazunguka kuta zote nne, ndani nondo, na vyuma vinachomoza kufunga kenchi.

Baba Mdogo: Haya. Ila gharama ya nondo tutaijadili.

Kiongozi wa wanafunzi: Samahani wazee, nichangie. Nasomea usanifu majengo. Kobe, Japani, tetemeko la Januari 1995 lilileta moto, kanisa la Takatori likaungua. Msanifu Shigeru Ban akabuni ukumbi wa muda wa mabomba 58 ya karatasi ngumu, watu 160 wa kujitolea wakausimamisha kwa wiki 5. Ulitumika miaka 10, kisha ukafunguliwa ukapelekwa Taiwan.

Mama Kwaya: Karatasi!! Na mvua je?

Kiongozi wa wanafunzi: Nje waliuzungushia ukuta wa plastiki, mama.

Fundi: Wiki 5, umesikia? Nyie mna siku 10.

Kiongozi wa wanafunzi: 🙏 Tutagonga matofali, mzee.

Bibi: 🎤 (sauti, sekunde 19) Hamjambo wanangu. Kengele imeonekana?

Kijana wa Katibu: Shikamoo Bibi. Ipo, ilikuwa chini ya mabati. Imebonyea ubavuni ila inalia.

Bibi: 🎤 (sauti, sekunde 4) Mungu mkubwa.

Fundi: Sasa jambo langu. Tukijaliwa, zege la mkanda tutalimwaga siku ya 9. Kesho yake wageni wanaondoka. Zege linataka kumwagiliwa siku 7, asubuhi na jioni. Likikauka haraka kwa jua linapasuka na halipati nguvu, hapo hata nondo hazitatusaidia. Nataka majina 7, mtu mmoja kila siku.

Katibu: Jamani, majina.

Katibu: Naona ujumbe umesomwa na watu 31.

Baba Mdogo: Mimi wiki hiyo nina safari.

Mama Kwaya: Safari hiyo imeanza leo? 😏

Bibi: 🎤 (sauti, sekunde 11) Niandikeni siku ya kwanza. Ngazi sipandi, ila maji nitachota. Mjukuu wangu atapanda.

Kijana wa Katibu: Bibi!

Katibu: Siku ya 1 Bibi na mjukuu. Bado 6.

Mama Kwaya: Ya 2 na ya 3 kwaya.

Baba Mdogo: Niwekeni ya 7. Nitakuwa nimerudi.